Sura ya 5: Ugonjwa wa Figo na Dalili Zinazochelewa

Figo ni viungo viwili vyenye umbo la haragwe, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, vilivyolala nyuma ya tumbo, kushoto na kulia kwa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu za mwisho. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni, ambavyo kwa siku moja hupitisha takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu, kisha huyarudisha mwilini karibu yote na kuacha lita moja hadi mbili tu zitoke kama mkojo. Kazi haiishii hapo, kwa maana figo hupima chumvi na maji ya mwili, husaidia kudhibiti shinikizo la damu, hutoa homoni inayouchochea uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, na huikamilisha vitamini D ili mifupa ipate kutumia madini ya chokaa. Anayezijua kazi hizo hatashangaa kwamba ugonjwa wa figo hujionyesha mbali na figo zenyewe: kwenye kope, kwenye vifundo vya miguu, kwenye ngozi inayowasha, kwenye pumzi na kwenye uchovu usiokwisha.

Ugumu wa kuutambua unatokana na akiba kubwa ambayo figo zimejaliwa. Mtu aliyemtolea ndugu yake figo moja huishi kwa afya na ile iliyobaki, na kwa kanuni hiyohiyo, nefroni zinapokufa kidogo kidogo, zile zilizo hai huongeza kasi na kuibeba kazi ya wenzao bila mwenye mwili kuhisi lolote. Ndiyo sababu ugonjwa sugu wa figo, yaani kasoro ya figo iliyodumu kwa zaidi ya miezi 3, unaweza kula zaidi ya nusu ya uwezo wa viungo hivyo huku mgonjwa akiendelea kuvua, kulima na kuchunga kama kawaida. Dalili anayoihisi mwenyewe huja wakati akiba imekwisha. Hapo ndipo zilipo kasoro za mabango mengi ya afya yanayoorodhesha dalili za figo, kwa sababu huorodhesha hasa dalili za mwisho, na msomaji asiyejiona katika orodha hiyo huondoka akiwa na utulivu asiostahili kuwa nao.

Ushahidi wa jambo hili haupo mbali na mkoa wa Mara. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, inayopokea wagonjwa walioshindikana kutibiwa Musoma, Bunda na Butiama, na mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika kliniki yake ya kisukari kwa watu wazima 369. Baada ya kupima mkojo na damu zao, watafiti waligundua kwamba zaidi ya 8 kati ya kila 10 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo, kwa wengi wao ukionekana kwa protini iliyovuja kwenye mkojo, na karibu robo ya wote waliopimwa walikuwa tayari wamepungukiwa sana na uwezo wa kuchuja damu. Kati ya waliokuwa na ugonjwa huo, hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua kwamba figo zake zinaumwa. Hawa hawakuwa watu waliojificha vijijini wasione daktari, bali walikuwa wahudhuriaji wa kliniki, wenye kadi na miadi, na bado ugonjwa ulikuwa umewapita mbele ya macho yao na ya wahudumu wao.

Kinyume chake, wapo wengi wanaoamini kwamba figo zao zinaumwa ilhali ni nzima. Mtu akilalamika maumivu ya kiuno, jambo la kwanza kutajwa na jamaa zake ni figo, na imani hiyo imeenea miongoni mwa wavuvi wanaovuta nyavu usiku kucha, wachimbaji wanaofanya kazi wameinama mashimoni na wanawake wanaobeba ndoo za maji kutoka ziwani, ambao maumivu yao kwa kawaida hutokana na misuli, pingili za mgongo au neva. Ugonjwa sugu wa figo kwa kawaida hauumi. Maumivu ya figo yapo, lakini yana sura yake: jiwe linalosafiri kwenye mrija wa mkojo huleta maumivu makali ya ghafla ubavuni, yanayokuja kwa mawimbi na kushuka hadi kwenye kinena, na mgonjwa hawezi kutulia mahali pamoja, maambukizi ya figo nayo huleta homa, kutetemeka na maumivu ya ubavu mmoja, mara nyingi pamoja na kukojoa kwa uchungu. Kosa la kuzisingizia figo kwa maumivu ya mgongo lina gharama, kwa kuwa mtu huyo hununua vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa na kuvimeza kwa majuma au miezi, na dawa za kundi hilo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, hasa kwa mzee, kwa mwenye presha au kisukari, na kwa aliyepungukiwa maji kwa jua na jasho. Hofu ya figo isiyo na msingi hapo huzaa madhara ya figo ya kweli.

Dalili inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko zote zinazoonekana kwa macho ni uvimbe. Vichujio vikiharibika, protini iitwayo albumini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuyazuia maji yasitoke kwenye mishipa ya damu, huvujia kwenye mkojo; wakati huohuo chumvi na maji hubaki mwilini, na matokeo yake ni maji kujikusanya chini ya ngozi. Kwa mtu mzima uvimbe huanzia vifundoni na nyayoni, hasa jioni, na ukibonyezwa kwa kidole gumba kwa sekunde chache huacha shimo linalochelewa kujaa. Kwa mtoto huonekana zaidi usoni asubuhi, kope zikiwa nzito na macho yamefumba nusu, kisha hushuka miguuni kadiri siku inavyosonga. Uvimbe si wa figo peke yake, kwa sababu moyo dhaifu, ini lililosinyaa na ujauzito wa kawaida pia huvimbisha miguu, na matende, yaani uvimbe mgumu unaotokana na minyoo ya filaria, huvimbisha mguu bila kuacha shimo la wazi baada ya kubonyezwa katika hatua zake za baadaye.

Kwa watoto, kosa linalojirudia ni kuudhania ugonjwa wa figo kuwa unyafuzi, yaani utapiamlo unaovimbisha mwili kwa upungufu wa lishe bora, na mama akalaumiwa kwa kumlisha mtoto uji mtupu wa muhogo wakati mtoto anamwaga protini kwenye mkojo. Kinachotofautisha mambo haya mawili kwa haraka ni kipimo cha mkojo, ambacho katika unyafuzi kwa kawaida hakionyeshi protini nyingi, wakati katika ugonjwa wa figo unaovujisha albumini hubadilika rangi papo hapo. Mtoto mwingine huvimba uso juma moja hadi matatu baada ya kuumwa koo au kutokwa na vidonda vya ngozi vilivyosababishwa na bakteria, na mkojo wake huwa mchache wenye rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi. Huyo ana uvimbe wa ghafla wa vichujio, na wengi hupona kabisa wakisimamiwa hospitalini presha isiwapande.

Uhusiano huo wa uvimbe na protini haukugunduliwa jana. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's mjini London alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba mwili, ambao mkojo wao ulipopashwa moto kwenye kijiko juu ya mshumaa uliganda mithili ya ute wa yai, na ambao walipofariki figo zao zilionekana zimeharibika. Kikaratasi cha kupimia mkojo kinachotumiwa leo kliniki, chenye vijiraba vya rangi vinavyochovywa kwa muda mfupi na kulinganishwa na rangi zilizochorwa kwenye kopo lake, kinatafuta kitu kilekile alichokitafuta Bright. Ni jambo la kusikitisha kwamba baada ya miaka karibu 200 kipimo rahisi namna hiyo bado hakifanyiwi kila mgonjwa wa presha anayefika kituoni.

Mkojo wenyewe humpa mwangalifu habari nyingi. Povu jingi linalobaki juu ya mkojo hata baada ya dakika kadhaa laweza kuwa albumini, ingawa mkojo wenye kasi hutoa povu la kawaida linalopotea upesi. Kuamka mara kwa mara usiku kukojoa ni dalili ya mapema isiyothaminiwa, kwa sababu figo iliyochoka hupoteza kwanza uwezo wa kuukoleza mkojo wakati wa usiku; hata hivyo kisukari na kukua kwa tezi dume huleta hali hiyohiyo, na tezi dume iliyoachwa bila kutibiwa huziba njia ya mkojo hadi mkojo urudi nyuma na kuzibana figo. Mzee anayekojoa kwa kukatakata na kusimama muda mrefu chooni asichukulie kwamba huo ni uzee tu, kwani figo zinazobanwa kwa njia hii mara nyingi huokolewa kizuizi kikiondolewa mapema.

Damu kwenye mkojo inahitaji maelezo marefu kidogo katika Kanda ya Ziwa, ambako kichocho kimekuwapo vizazi kwa vizazi. Kipo kichocho cha matumbo, kinachoenezwa na konokono wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria na ambacho ndicho kinachowapata zaidi wakazi wa mialo na visiwa, na kipo kichocho cha mkojo, ambacho konokono wake hupendelea malambo na madimbwi ya msimu mbali na ziwa. Mayai ya minyoo ya kichocho cha mkojo hukwama katika kuta za kibofu na za mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo, huchubua na kutoa damu ambayo mara nyingi huonekana mwishoni mwa kukojoa, na kwa miaka mingi huacha makovu yanayoisinyaza mirija hiyo, mkojo ukakwama na figo ikavimba kama mfuko bila maumivu ya kutosha kumpeleka mtu hospitali. Katika jamii kadhaa za Afrika damu hiyo kwa mvulana imewahi kuchukuliwa kuwa sehemu ya kukua, na imani hiyo haina msingi wowote. Kichocho hutibiwa kwa praziquantel, na mkojo wa kutafutia mayai hukusanywa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati yanapotoka kwa wingi. Kwa mtu mzima mwenye umri mkubwa, hasa mvutaji wa sigara, damu isiyo na maumivu inaweza pia kuwa saratani ya kibofu, na hapo dozi ya dawa ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, iliyonunuliwa dukani haitoshi kuwa jibu. Inafaa kusemwa wazi kwamba neno UTI limekuwa kapu la kutupia kila tatizo la mkojo, na wagonjwa wengine wametibiwa UTI mara kadhaa bila mkojo wao kuwahi kuoteshwa bakteria au damu yao kupimwa.

Dalili za hatua ya mwisho hazihitaji maelezo mengi, maana mgonjwa na jamaa zake huziona: uchovu na weupe wa viganja kutokana na upungufu wa damu, kichefuchefu cha asubuhi, kukosa hamu ya kula, ladha ya chuma mdomoni, pumzi yenye harufu ya mkojo, mwili kuwasha bila upele, kwikwi isiyokoma, mikakamao ya misuli, kukosa pumzi akilala chali, na hatimaye kuchanganyikiwa au kupatwa na degedege. Kila mojawapo ina jina lake jingine mtaani. Uchovu huitwa malaria, kichefuchefu huitwa vidonda vya tumbo, kuchanganyikiwa huhusishwa na ushirikina, na kwa njia hizo mgonjwa mmoja hupita kwa watu wanne tofauti, mmoja wao akimpa mitishamba isiyojulikana kipimo chake, kabla ya kufika kwa anayempima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo.

Kwa kuwa dalili huchelewa, busara ni kuanza na mtu na mazingira yake. Presha na kisukari ndizo zinazoongoza duniani kwa kuharibu figo, na presha ina sifa ya kuwa chanzo na matokeo kwa pamoja, kwani figo mbovu huipandisha na presha iliyopanda huziharibu zaidi. Kijana wa miaka 25 mwenye presha ya 160 kwa 100 anapaswa kuchunguzwa figo kwanza kabla ya kuambiwa kwamba ana mawazo mengi. Wanaoishi na VVU wako hatarini kwa virusi vyenyewe, na baadhi ya dawa za kufubaza, kama tenofovir, huhitaji figo ziangaliwe. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao Kanda ya Ziwa inaongoza kwa wingi wake nchini, hupoteza mapema uwezo wa kukoleza mkojo na baadaye huvuja protini. Mwanamke aliyepata kifafa cha mimba au dalili zake za awali, yaani presha kupanda na protini kwenye mkojo baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, hubaki na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo katika miaka inayofuata, na ni makosa kumpa ruhusa baada ya kujifungua bila miadi ya kumpima tena.

Mkoa wa Mara una hatari nyingine isiyotajwa sana katika vitabu vya afya, nayo ni zebaki. Huko Buhemba wilayani Butiama, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, na katika machimbo mengine ya wachimbaji wadogo, zebaki huchanganywa na mchanga ili ikamate chembe za dhahabu, kisha huchomwa na kugeuka mvuke. Mvuke huo huvutwa na anayechoma na wote walio karibu, wakiwamo watoto pale uchomaji unapofanyika jikoni au uani, na sehemu kubwa ya zebaki inayobaki mwilini huenda kutua kwenye figo. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaolenga kupunguza matumizi ya madini hayo. Zebaki hiyohiyo huingia mwilini kupitia krimu za kung'arisha ngozi: utafiti uliochapishwa mwaka 1972 kuhusu watu wazima wa Nairobi waliovimba mwili kwa kuvuja protini ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu zenye zebaki. Aliyevimba miguu na anayetumia mkorogo, au anayechoma dhahabu, amweleze daktari jambo hilo bila kusubiri kuulizwa, kwa maana kuiacha zebaki mapema huweza kuzirudisha figo katika hali nzuri.

Joto na kiu navyo vimeanza kutiliwa mashaka. Huko El Salvador na Nicaragua vijana wakata miwa wasio na kisukari wala presha wamepoteza figo kwa wingi, na wataalamu wengi wanahusisha maafa hayo na kazi nzito juani bila maji ya kutosha, ingawa mjadala haujafungwa. Somo hilo halimaanishi kwamba kila mtu anywe maji bila kipimo ili kuzisafisha figo, kama inavyosemwa mara nyingi. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshashindwa kutoa maji, ushauri huo unaweza kumjaza mapafu maji na kumuua.

Figo pia zinaweza kuacha kazi ghafla, ndani ya saa au siku chache, baada ya kuhara na kutapika sana, kipindupindu, malaria kali inayogeuza mkojo kuwa mweusi, kuumwa na nyoka, au kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua. Dalili kuu hapo ni mkojo kupungua sana au kukatika. Mgonjwa ambaye hajakojoa kwa saa 12 baada ya kuhara ni wa kukimbizwa hospitali, na jambo la kutia moyo ni kwamba figo zilizoshindwa kwa namna hii mara nyingi huamka zikisaidiwa kwa wakati.

Vipimo vinavyoamua ni vichache. Presha hupimwa kwenye zahanati yoyote yenye mashine, na kiwango cha 140 kwa 90 au zaidi kinachojirudia ni kikubwa. Mkojo hupimwa protini na damu, na kipimo kikionyesha kasoro hurudiwa, kwa sababu homa, maambukizi, hedhi na kazi nzito huweza kukipotosha kwa muda. Damu hupimwa kreatinini, taka itokayo kwenye misuli ambayo figo nzima huiondoa. Kiwango chake peke yake hudanganya, kwa kuwa bibi mwembamba mwenye misuli michache anaweza kuonyesha namba inayoitwa ya kawaida ilhali nusu ya figo zake imekwenda, na ndiyo maana hukokotolewa pamoja na umri na jinsia ili kupata kasi ya uchujaji kwa mililita kwa dakika. Zaidi ya 90 ni nzuri ikiwa mkojo ni safi. Chini ya 60 kwa miezi 3 ni ugonjwa. Chini ya 15 figo zimeshindwa. Aliyegunduliwa mapema hutibiwa kwa kuidhibiti presha na sukari, kupunguza chumvi hadi chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku, jambo gumu kwa mlaji wa kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, na kupewa dawa kama losartani au enalaprili zinazopunguza uvujaji wa protini.

Aliyechelewa ana njia mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kazi inayofanyika kwa kawaida mara 3 kwa wiki kwa takriban saa 4 kila mara, na kwa anayelazimika kuifuata Bugando safari kutoka Musoma ni zaidi ya kilomita 200 kwa kila upande, kupitia Bunda na Magu, hivyo familia nyingi huishia kuhamia Mwanza au kuuza mifugo. Ya pili ni kupandikizwa figo ya ndugu, tiba iliyofanyika nchini kwa mara ya kwanza Muhimbili mnamo Novemba 2017 na kufuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mnamo Machi 2018.

Kwa hiyo mwenye presha, kisukari, VVU au selimundu, mchimbaji anayeshika zebaki, na mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba, awe anahudhuria zahanati ya kijiji, hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyopo Kwangwa, Musoma, aombe apimwe protini ya mkojo na kreatinini angalau mara moja kwa mwaka, na aombe namba na tarehe ziandikwe kwenye kadi yake, kwa sababu daktari atakayemwona safari ijayo hawezi kujua kama figo zinashuka ikiwa hana namba ya kwanza ya kulinganisha.